Kochi la Begi Halikupita Kona

"Kabla mwaka huu haujaisha, nyinyi wote mtapiga hodi kwangu. Tena mtasubiri nje kwanza, nimalize kuoga."

Begi alisema hivyo mchana kweupe, karakana nzima ikisikia, akiwa amesimama juu ya kochi la mteja ambalo lilikuwa bado mifupa, halijavalishwa kitambaa. Mafundi walikuwa wamekaa kula, mama wa chai anakusanya vikombe, na aliyechokoza moto alikuwa Misumari. Huyu ni fundi aliyepata jina kwa kufanya kazi na misumari midogo mdomoni, ikawa hata akiitema bado anaongea kama mtu anayeogopa kumeza kitu. Alikuwa ameuliza swali dogo tu: "Begi, wiki hii unalala kwa nani?" Watu wakacheka. Begi naye akapanda jukwaani.

"Kwako wapi?" Misumari akasema. "Wewe hata kivuli chako kinalala kwa watu."

"Cheka tu. Ukija utavua viatu mlangoni."

"Nitavua hata soksi, dada. Nionyeshe huo mlango."

Mzee, ambaye ndiye fundi mkuu na mwenye karakana, alimwambia ashuke kwenye mali ya mteja, wote warudi kazini. Maneno yakaishia hapo, lakini yalikuwa yameshatoka, na neno likitoka mbele ya mama wa chai ni sawa na kulibandika ukutani.

Begi halikuwa jina lake la cheti. Alipewa karakanani kwa sababu ya begi la bluu, zipu imekufa, limefungwa kwa mkanda wa mpira, ule ule unaotandikwa chini ya viti. Nguo zake zote zilikaa humo. Alizitoa humo akivaa, akazirudisha humo zikikauka. Mwanzoni watu walidhani anasafiri. Baadaye wakaelewa kwamba ndivyo anavyoishi.

Mama yake alifariki Begi akiwa bado anahesabu kwa vidole. Baba yake alikwenda kutafuta kazi, na mpaka leo anaitafuta. Ukoo ukakaa kikao, na kama ilivyo kwa vikao vya ukoo, kila mtu alilia na kila mtu alikuwa na nyumba ndogo. Akaanzia kwa bibi, mzaa mama. Bibi alimpenda kwa moyo wote, ila bibi alikuwa mzee na mapenzi hayazuii mtu kufa. Akapelekwa kwa shangazi. Huko alikaa miaka, na miaka yote hiyo aliitwa "mgeni wetu". Wahenga wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Begi alipewa jembe siku ya kwanza, tena na ndoo. Kutoka hapo akaenda kwa mjomba, ambako watu wakija walimtambulisha kama "mtoto wa marehemu", utadhani marehemu ni cheo. Mwisho akafika kwa mama mdogo, akapewa kochi la sebuleni.

Mtu asidhani aliteswa. Hakupigwa, hakulala njaa. Walimtunza vizuri, kama unavyotunza kitu cha kuazima. Na Begi, kwa upande wake, aliisomea kazi ya ugeni mpaka akahitimu. Sahani ikipita alichukua kipande kidogo kabla hajaambiwa. Kichekesho cha baba mdogo kuhusu askari na baiskeli alikicheka kila kikirudi, na kilirudi sana. Aliamka kabla mwenye nyumba hajakohoa, akakunja shuka, akapiga mito, kochi likawa kochi tena. Koridoni alipita haraka, ubavu ubavu, macho chini, asije akaona ndani ya chumba cha mtu. Na alijua kusikiliza redio. Baba mdogo akitaka kuzungumza na mkewe jambo la Begi, alikuwa anapandisha sauti ya redio kwanza. Kwa hiyo kila taarifa ya habari iliposomwa kwa kelele, Begi alijua kwamba habari yenyewe ni yeye.

Ugonjwa wa hilo kochi ndio uliompa kazi. Lilikatika katikati, siku ambayo hakuwepo hata aliyelikalia, likapakiwa kwenye mkokoteni kwenda kwa Mzee. Begi alilisindikiza kama mtu anavyosindikiza mgonjwa wake, maana kochi likilazwa, yeye atalala wapi? Akakaa pale karakanani kulichungulia. Likapasuliwa. Akaona mbao, mikanda, springi, sponji, gunia, akauliza hiki ni cha nini na kile ni cha nini, mpaka Mzee akachoka kumjibu akampa nyundo. "Shika. Mdomo ukichoka, mkono ufanye kazi." Kochi lilirudi kwa mama mdogo. Kesho yake Begi akarudi kwa Mzee.

Alikuwa na mkono mzuri. Alijua kuvuta kitambaa mpaka kona ikalala bila mkunjo, kazi inayowashinda wenye mikono ya haraka. Alijua pia kwa kusikia: anapiga kiti kofi moja, anakuambia springi ipi imelegea. "Huyo amelalia makochi mengi," Misumari aliwaeleza wateja. "Ni daktari aliyewahi kuwa mgonjwa."

Majigambo yale ya mchana yangepita kama mengine, ila mwezi uliofuata mama mdogo alimwita jikoni, akafunga mlango, akaanza kukatakata vitunguu ambavyo hakuna aliyevihitaji.

"Kaka yako anamaliza masomo, anarudi," alisema. Alikuwa anamzungumzia mwanawe mwenyewe. "Si kwamba tunakufukuza, mwanangu."

Sentensi inayoanza na "si kwamba" huwa ndiyo kwamba. Begi alishaisikia kwa shangazi na kwa mjomba, ikitamkwa na midomo tofauti kwa sauti ile ile. "Naelewa, mama," akasema. "Na mimi nilikuwa natafuta chumba." Hakuwa anatafuta. Alianza kesho yake.

Chumba alikipata kwenye nyumba ya wapangaji, nyumba moja ndefu yenye korido katikati na milango pande zote mbili kama meno. Mwishoni korido ilikata kona, ikapita choo, ndipo ukafika chumba cha mwisho. Mama mwenye nyumba, mwembamba wa mwili na mnene wa sauti, alimpeleka mwenyewe.

"Hiki wengi hawakitaki kwa ajili ya choo," alisema. "Mimi nawaambia, kuishi karibu na choo ni afya. Utanishukuru siku ya tumbo."

Kuta zilikuwa za kijani mpaka usawa wa bega, kisha nyeupe. Dirisha lilitazama ukuta wa jirani. Kulikuwa na msumari mmoja ukutani ulioachwa na mpangaji aliyetoka, na taa iliyowaka ukiipiga kidogo. Begi hakuweka hata begi chini. Alitoa futi mfukoni, akapima ukuta kwa ukuta, akapima dirisha, akapima mlango, mara mbili.

"Unapima nini, kaburi?" mama mwenye nyumba akauliza.

"Kochi, mama."

"Kitanda je?"

"Kitanda baadaye."

Karakanani habari hiyo ilichekwa wiki nzima. Misumari alitaka kujua mtu mmoja anapeleka wapi kochi la watu watatu.

"Mimi na wageni wawili," Begi alimjibu.

"Wageni gani?"

"Watakaokuja. Wewe kaa foleni."

Mzee alimruhusu kutumia vifaa saa za kazi zikiisha, na akamwambia achukue mabaki ya vitambaa bure. Mabaki alikataa. Alikuwa amevaa mabaki, amelalia mabaki na kulishwa mabaki. Kochi lake lingevaa kitambaa kilichokatwa kwenye robota kwa ajili yake. Akanunua chenye rangi ya udongo uliolowa. Fremu alitengeneza kwa mbao ngumu, akatia gundi kila kiungo, akazidisha skrubu, na chini ya kiti cha katikati akaweka mhimili wa pili ambao hakuna mteja aliyewahi kuulipia. "Hili hata wakilikalia wapiganaji mieleka halitakatika," alisema, akasahau kwamba kitu kikikataa kukatika, kuna siku utakatika wewe.

Mzee alikuwa na sheria moja, na kila mteja aliisikia kabla hajalipa: kochi halipimwi kwa makalio, linapimwa kwa mlango. Alikuwa na hadithi ya mteja aliyebisha, ambaye kochi lake mpaka leo linaishi barazani na kuku ndio wanaolikalia. Siku kochi la Begi lilipokamilika, Mzee alilizunguka, akaligonga, akalikalia, akanyamaza kwa muda, jambo ambalo kwake ndilo sifa.

"Umepima?"

"Nimepima, Mzee."

"Mlango?"

"Mlango, dirisha, ukuta kwa ukuta."

Akatikisa kichwa. Hakuuliza zaidi, kwa sababu kuna maswali ambayo ukimuuliza fundi ni matusi.

Jumapili likapelekwa. Begi alikuwa amealika watu, ahadi ni ahadi: karakana nzima, mama wa chai, mama mdogo na baba mdogo. Alitangulia kufagia chumba ambacho hakikuwa na kitu cha kuchafuka. Kisha akasimama mlangoni pake kupokea mali, mama mwenye nyumba pembeni yake kwa ajili ya kutoa amri. Mzee, Misumari na vijana wawili wakaingia na kochi kutoka mtaani, wakiwa wamelilaza ubavu, wakipita milango ya watu mmoja mmoja. Nyuma yao walifuata wageni kama msafara wa harusi.

Kochi likafika konani, likasimama.

Wakalirudisha nyuma kidogo, wakaliinamisha, wakajaribu tena. Likasimama. Wakataka kulisimamisha wima kama nguzo. Dari pale konani lilikuwa limeshuka kwa sababu juu yake kulikuwa na tangi la maji. Wakaligeuza miguu juu. Hapo ndipo Nesi, mpangaji wa chumba cha pili kutoka mwisho, ndani ya kona kama Begi, alipotoka na sare yake nyeupe, mkoba begani, akakuta njia yote ni kochi.

"Jamani, nina zamu!" akasema. "Sukumeni! Litapita tu, ni sponji hilo!"

Wakasukuma. Likasogea kiasi cha urefu wa mkono. Kisha ukasikika mlio wa mbao, mguu mmoja wa kochi ukawa umezama kwenye mlango wa choo, na kuanzia hapo halikwenda mbele wala kurudi nyuma.

"Na mimi?" sauti ikatoka chooni.



"Nani yumo?" mama mwenye nyumba akauliza.

"Kinyozi. Nimo tangu mlipokuwa mnasema kushoto, kulia."

Kinyozi alikuwa mpangaji wa chumba cha mbele, mtu wa maneno mengi kazini, na inaonekana hata chooni. Alisukuma mlango kutoka ndani, haukusogea. Akaupiga teke. Bawaba ya juu ikang'oka, mlango ukalala upande, ukabana zaidi.

"Usipige!" watu wote wakasema pamoja.

"Mngekuwa nyinyi humu mngeimba?"

Upande wa pili wa kochi Misumari aligonga mbao kwa adabu. "Hodi! Hodi mwenye mlango! Tumekuja, unaoga?" Vijana wakacheka mpaka kochi likatikisika. Mzee hakucheka. Alipenyeza uso wake katikati ya miguu ya kochi na ukuta, akamtazama mwanafunzi wake.

"Begi. Ulisema umepima."

"Nimepima, Mzee."

"Korido?"

 Hata mtoto mdogo kabisa wa karakana, yule wa kufagia vumbi la mbao, anajua kwamba kochi halifiki mlangoni kwa kuruka. Lakini tangu utoto korido zilikuwa za watu. Korido ilikuwa mahali pa kupita upesi, macho chini. Alipokodi chumba, kwenye akili yake kwake kulianzia pale penye kizingiti, na alipima kwake. Huku kwingine hakukuona hata alipokuwa anakupita na futi mkononi.

Alichofanya baada ya hapo alikifanya bila kufikiri, kama mtu anavyokinga uso akirushiwa kitu. Alianza kuomba radhi. Alimwomba radhi Nesi, akamwomba mama mwenye nyumba, akamwomba Kinyozi kupitia ubao. Aliwaomba radhi hata wapangaji waliotoka kuangalia, ambao kwa uso tu walikuwa wanafurahia Jumapili yao kuliko ilivyopangwa.

"Samahanini. Nitaliondoa. Nitaondoka leo hii hii, msijali, samahanini sana."

Mama mdogo alikuwa amesogea mbele mpaka akashika mkono wa kochi. Alikuwa na moyo mwepesi, na machozi yalishafika.

"Mwanangu, rudi nyumbani," alisema. "Kochi lako bado lipo. Kaka yako atalala chini, ni mwanamume, hatavunjika. Rudi tu."

Nyuma yake baba mdogo alikohoa. Hapakuwa na redio, kwa hiyo alikohoa.

Begi aliingia chumbani, akatoka na begi la bluu. Halikuwa limefunguliwa bado. Akalirusha juu ya kochi, akapandisha sketi, akapanda. Akawa amepanda kochi lake mwenyewe kama farasi, mguu mmoja upande wa mama mdogo, mguu mmoja upande wa chumba, ndipo mtu akamvuta blauzi kwa nyuma.

"Unakwenda wapi?" Alikuwa mama mwenye nyumba.

"Narudi kwa mama mdogo. Samahani, mama, nimekuharibia nyumba."

"Umeniharibia, ndiyo. Unafikiri sioni? Choo changu! Mlango ule niliuweka mwenyewe! Umeleta ghorofa kwenye korido yangu bila kuangalia, fundi mzima, una macho ya kupambia uso! Shuka hapo!"

"Ndiyo maana nasema nitaondoka..."

"Nani amekwambia uondoke? Mimi nakugombeza, sikufukuzi! Hujui tofauti?"

Kweli Begi hakuwa anaijua. Kwa shangazi hakuna aliyewahi kumpandishia sauti, wala kwa mjomba, wala kwa mama mdogo. Watoto wa nyumba walifokewa, wakalia, wakala. Yeye watu walimshushia sauti, wakafunga mlango wa jikoni, wakakata vitunguu.

"Nimekaa na wapangaji tangu hujazaliwa," mama mwenye nyumba aliendelea, na sasa alikuwa anawahutubia wote. "Huyo aliyeko chooni alileta mbuzi chumbani akaniambia ni mbwa. Huyu Nesi aliunguza pazia mara mbili, pazia lile lile. Tumegombana hapa mpaka majirani wakaleta viti. Hakuna hata mmoja aliyehama kwa aibu! Watu wanahama kwa kodi, binti. Mpangaji haombi radhi mara kumi. Mpangaji analalamika!"

"Mbuzi yule alikuwa mdogo," Kinyozi akasema kutoka ndani.

"Nyamaza!"

"Na mimi nachelewa zamu," Nesi akamwambia Begi, kwa hasira ya kawaida kabisa, kama mtu anayemwambia mdogo wake. "Kama unakaa, kaa, kama unaenda, nenda, lakini shuka kwenye hilo kochi na uliondoe njiani! Kesho tutasameheana."

Begi aliutazama mguu mmoja, akautazama na wa pili. Mguu wa upande wa mama mdogo ulikuwa umeanza kufa ganzi. Kisha akauvuta, akaurudisha upande wa chumba, akashuka.

"Mama," alimwambia mama mdogo, "niko hapa. Ngoja kidogo, nitakupa maji." Halafu akaita kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia: "Misumari! Msumeno!"

Msumeno ukaletwa mbio kutoka karakanani. Mzee aliupokea, akaupitisha chini ya kochi kumpa Begi.

"Mzee, kata wewe," Begi akasema. "Mimi ndiye niliyelijenga, siwezi."

"Mimi sikati kazi ya mtu. Umejenga, bomoa."

Akachana kitambaa chake cha rangi ya udongo, akang'oa pini, akavuta sponji, mpaka mbao zikaonekana. Kisha ikamlazimu kukata kitu alichokitengeneza kisikatike. Ule mhimili wa pili ulimtoa jasho kuliko mbao nyingine zote pamoja. Alimtukana aliyeuweka, yaani yeye, na Misumari kutoka upande wa pili akawa anampa moyo: "Kaza, dada! Wapiganaji mieleka wanaangalia!" Mzee alitoa neno mara moja tu, kumwambia asiukandamize msumeno. Mwishowe mbao zikalia, kochi likaachia ukuta, likawa vipande viwili: cha watu wawili chenye mkono mmoja, na kiti cha mtu mmoja chenye mkono mmoja, vyote sponji nje kama ndimi.

Mlango wa choo ukafunguka kwa kuning'inia. Kinyozi akatoka akijifuta, akatazama umati, akakaa kwenye kile kiti cha mtu mmoja.

"Kizuri hiki," akasema. "Springi zake zinajua kazi."

Nesi alimruka magoti akakimbia kazini.

Kipande cha watu wawili kiliingia chumbani bila hata kugusa mlango. Vipimo vya mlango vilikuwa sahihi kabisa, jambo ambalo Misumari hakuacha kulisifu. Wageni wakaingia kwa zamu maana hawakutosha. Mama mdogo alikaa, na Begi akampa maji kwenye glasi aliyoazima kwa mama mwenye nyumba. Mama mdogo alikaa ukingoni, mgongo haujagusa nyuma, mkoba juu ya magoti. Alikunywa nusu. Akauliza kwa sauti ya chini kama anaweza kutumia choo. Begi aliyatambua yote hayo, moja baada ya jingine, kama mtu anayetazama nguo zake zimevaliwa na mwingine.

"Egemea, mama," alisema. "Halivunjiki. Limeshavunjika."

Mama mdogo akacheka, akaegemea. Baba mdogo akasimulia kile cha askari na baiskeli. Begi hakucheka, akasema, "Hicho nimekisikia, baba," na dunia haikuanguka. Walipoondoka aliwasindikiza mpaka mtaani, akarudi, akafungua begi. Kulikuwa na msumari mmoja tu ukutani. Gauni moja likapata pa kukaa. Mengine aliyapanga juu ya mkono wa kochi.

Kile kiti cha mtu mmoja kilibaki konani, kwa sababu Kinyozi alikuwa amekikalia na baada yake wakakikalia wengine. Nesi alianza kuvulia viatu hapo akitoka kazini. Begi alisema ni cha kwake na siku moja atakuja kukiunganisha. Wakamwambia sawa, lakini aanze kwa kukivalisha kitambaa, kinachafua sare za watu.

Mlango wa choo ulikuwa jambo jingine. Ulining'inia kwa bawaba ya chini, na aliyekuwa ndani alilazimika kuushika kwa mkono, au kwa mguu, kutegemea shughuli. Nesi aliimba kuonyesha kwamba yumo. Kinyozi alihutubia. Asubuhi ya kwanza Begi aliamka watu wakiwa wamelala, akachukua bisibisi na bawaba ya zamani, akafika koridoni. Ingekuwa kwa shangazi, wenyewe wangeamka wakute mlango mzima na yeye ameshafua. Alisimama pale konani na bisibisi yake, akaitazama korido yote mpaka mwisho, mlango kwa mlango. Kisha akarudi kulala.

Jumatano, watu wakiwa kwenye foleni na ndoo zao, Kinyozi alianzisha.

"Begi, huu mlango wako utatengenezwa lini?"

"Wangu kwa nini?"

"Kochi la nani lilivunja?"

"La kwangu. Nani aliupiga teke kutoka ndani?"

"Mimi nilikuwa najiokoa!"

"Na nani alisema sukumeni, ni sponji?"

Wote wakamgeukia Nesi, aliyekuwa anapiga mswaki. Nesi akatema povu. "Mimi sikusukuma. Nilishauri."

"Hospitali mnashauri hivyo hivyo?" Begi akasema, na foleni ikaangua kicheko. "Bawaba iling'oka kwa teke, na mguu ulizama kwa ushauri. Mimi sehemu yangu naikubali. Yote, hapana! Sikai hapa peke yangu."

Zogo likakua mpaka mama mwenye nyumba akatoka na khanga yake, akauliza ni nani aliyekufa. Akaelezwa na watu wote kwa pamoja. Akaamua kila chumba kitachanga, cha mwisho pia, na Begi kwa kuwa ni fundi atafunga bawaba mpya.

"Kufunga ni kazi, mama," Begi alisema. "Kazi ina malipo yake."

"Msikieni! Alikuja hapa hana mdomo!"

"Nilikuja nao. Ulikuwa chini ya nguo, kwenye begi."

"Kanunue, kabla sijakupandishia kodi!"

Akaenda na ndoo yake mkononi, kwa kuwa hakutaka kupoteza zamu ya kuoga na aliogopa Kinyozi angeisogeza. Kwenye duka la vyuma alikataa bawaba ya bati, akataka ya chuma kizito, akamwambia muuzaji kwamba huo ni mlango wa watu wengi. Bawaba moja ya inchi nne, pamoja na skrubu zake, ilikuwa elfu mbili na mia tano, na njiani Begi akaigawa kwa milango yote ya korido, wa kwake ukiwamo.